Dawa ya Deni si Kulipa

Nimeisikia uani mwa kanisa, nimeisikia sokoni, nimeisikia kwenye kikao cha AVEC, kikundi chetu cha kijiji cha kuweka na kukopeshana, na siku moja nimeisikia mdomoni mwa polisi aliyekuwa ameshika funguo za kasho, yaani mahabusu: dawa ya deni ni kulipa. Husemwa kwa sauti ya mtu aliyefunga mjadala. Anayedaiwa anainamisha kichwa, anayedai anasimama na kukung'uta suruali, kila mtu anarudi kwake. Mimi nasema methali hiyo, kwa jinsi tunavyoitumia hapa Musienene na kule Butembo, mashariki mwa Kongo, ni sumu iliyobandikwa karatasi ya dawa.

Kwa deni moja, ni kweli tupu. Ulichukua mfuko wa chumvi dukani, ukauza, ukalipa, kwisha. Lakini nionyesheni mtu mmoja kwenye barabara hii mwenye deni moja.

Tupige mfano. Mama anauza viazi kando ya barabara ya taifa namba 2, pale malori yaendayo Butembo yanapopunguza mwendo. Anadaiwa dola 200 na AVEC yake, kwa riba ya asilimia 5 kila mwezi. Anadaiwa 150 na mwenye depo wa Butembo, aliyempa mali kwa mkopo bila riba kwa sababu anamfahamu tangu zamani. Hospitali inamdai 50 tangu mtoto alipolazwa. Na siku ile ya kumtoa mtoto hospitalini, alipoambiwa hatoki bila kuweka chochote mezani, alikimbilia Banque Lambert akachukua 100.

Kwa msomaji wa mbali: Banque Lambert hii haina jengo wala mlinzi. Benki ya kweli ya jina hilo ilikuwa Brussels, na mwaka 1975 iliungana na Banque de Bruxelles. Wakongo walilichukua jina wakambandika mtu wa kartie anayekopesha kutoka mfukoni mwake: leo 100, mwisho wa mwezi 150. Usipokuwa na 150, lete 50 ya riba, na ile 100 ibaki palepale ikikungoja.

Sasa mama huyu, akishatoa chakula cha nyumbani, anabaki na dola 60 kwa mwezi. Riba ya AVEC ni 10. Riba ya Banque Lambert ni 50. Jumla 60. Kila mwezi analipa, hachelewi hata siku moja, anafuata methali kama sala ya asubuhi. Baada ya mwaka ametoa dola 720. Na anadaiwa kiasi gani? Dola 500, zilezile alizoanza nazo. Amelipa zaidi ya deni lote, na hajapunguza hata senti.

Hapo ndipo methali inaponyamaza. Haikusema ulipe nani kwanza, kwa utaratibu gani, wala kwa makuta, yaani fedha, yaliyotoka wapi. Na kwa kuwa imenyamaza, anayepanga foleni ni kelele. Analipwa yule anayekuja na kusimama mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, yule anayetaja jina lako mbele ya wakwe, yule mwenye shemeji polisi. Mwenye depo, mtu mpole, anaambiwa "wiki ijayo, papa" mpaka anachoka na kufunga daftari. Lakini ni yeye tu, kati ya wote wanne, ambaye mali yake ilikuwa inamletea mama huyo zile dola 60. Akifunga daftari, chanzo kimekauka, na hapo hata kelele haitapata kitu.

Kisha inakuja hatua tunayoijua sote na ambayo hakuna anayeisema kwa sauti. Anajiunga na AVEC ya pili, ng'ambo ya mto, kwa jina la wifi yake. Anachukua huko kulipa huku. Kila AVEC ina sanduku lake lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti; mpango mzuri sana dhidi ya mwizi. Lakini hakuna sanduku linalojua kilichoandikwa kwenye daftari la sanduku la jirani. Mtu anaweza kuwa mwaminifu katika masanduku matatu kwa wakati mmoja, akiwa amekwisha kuanguka katika yote matatu.

Kwa nini asiseme? Kwa sababu ya heshima. Sisi Wayira, watu wa eneo hili, tunajivunia, na si bure, kwamba Butembo ilijengwa kwa neno la mdomo: mali imetoka Dubai au Guangzhou, imepita mpakani Kasindi, imegawiwa maduka kwa maduka, na karatasi pekee ilikuwa uso wa mtu. Katika mji wa namna hiyo, kukiri kwamba umeshindwa ni kama kuvua nguo sokoni. Nami nimewahi kupita uchochoro wa nyuma mwezi mzima ili nisipite mbele ya duka fulani. Mwenye duka alikuwa anaijua njia hiyo kuliko mimi.

Lakini tuitazame heshima hiyo vizuri, maana haigawiwi sawa. Kontena la tajiri likikwama bandarini Mombasa, au lori lake likichomwa njiani, hafuatwi mlangoni saa kumi na mbili asubuhi. Anapiga simu. Wanaomdai wanaitana, wanaketi sebuleni kwake, soda zinaletwa, hesabu zinawekwa mezani, na wanatoka wamekubaliana: mwaka mmoja, kidogo kidogo, na mali mpya apewe ili aweze kufanya kazi. Sijasikia hata siku moja mtu amesimama katika sebule hiyo akasema dawa ya deni ni kulipa. Methali imewekewa muuza viazi.

Na juu ya tajiri kuna Jamhuri yenyewe. Tarehe 1 Julai 2010, Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia zilitangaza kwamba Kongo inapunguziwa madeni ya dola bilioni 12.3. Miezi michache baadaye Klabu ya Paris, ambayo tangu mwaka 1956 kazi yake ni kuwaketisha wadai wa nchi moja kwenye meza moja, nayo ikafanya sehemu yake. Deni lile lilikuwa limerundikwa zaidi na Mobutu, tena riba juu ya riba. Je, Kongo iliambiwa iende ikakope kwa jirani ili ilipe? Ilikaa mezani. Kila deni liliandikwa, kila mdai aliitwa, ikaulizwa nchi hii inaweza kutoa kiasi gani bila kufa. Ubelgiji, iliyotutawala, tangu sheria ya Julai 1998 inampa raia wake wa kawaida haki ya aina hiyo: hakimu anamteua msimamizi, madeni yote yanakusanywa pamoja, mpango unaandikwa, na wadai wanaacha kumsumbua mtu mmojammoja. Ufaransa walikuwa wameanza mwaka 1989. Kwetu tumebaki na methali, na kasho.

Tuseme kidogo juu ya kasho. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ilijiunga mwaka 1976 na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kwa hiyo deni halifungi. Tunafanyaje basi? Tunalibatiza. Deni likifika kwa OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, linaitwa abus de confiance (kuvunja uaminifu), au escroquerie (ulaghai), na mama analala chini akingoja ndugu zake wachange. Wanachanga nini? Wanakopa. Sehemu inabaki ofisini, sehemu inamfikia mdai, na familia nzima sasa inadaiwa badala ya mtu mmoja. Mdai anaondoka akijisifu kwamba dawa imefanya kazi.

Wakati huo sheria zinazoweza kumsaidia zinalala kabatini. Sheria ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ya mwaka 1998 kuhusu kudai madeni, ambayo ilitufikia nchi yetu ilipoingia OHADA Septemba 2012, iliandika katika kifungu cha 39 kwamba hakimu anaweza kutazama hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai, kisha akaahirisha malipo au kuyagawanya kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Sheria yetu ya mikataba, ile ya mwaka 1888, ina kifungu cha 131 bis: mkopeshaji akiwa ametumia shida au ujinga wa mkopaji kujipatia riba ya kupindukia, hakimu anaweza kuishusha mpaka riba ya kawaida. Asilimia 50 kwa mwezi! Kama hiyo haijapindukia, neno kupindukia halina kazi katika lugha yetu.

Najua jibu litakalokuja, na nalisubiri, kwa sababu ni la haki. Atasimama mama mwingine, wa AVEC, na kuniuliza: makuta yaliyomo kwenye sanduku ni ya nani? Si ya tajiri, si ya Paris. Ni yangu mimi, niliyenunua sehemu zangu kila wiki kwa kujinyima, nikingoja siku ya mgawanyo nilipe masomo ya mtoto wa sekondari. Mkimwonea huruma mwenzangu, mnanionea mimi. Na tukianza kugawa muda, nani atalipa kwa wakati tena?

Swali lake la kwanza ndilo linalonifanya nidai mpango badala ya huruma. Bila mpango, mama wa AVEC ndiye anayepoteza. Siku ya mgawanyo mwenzake haonekani, simu imezimwa, kwa sababu zile dola 50 za kila mwezi zilikwenda kwa Banque Lambert anayetisha zaidi. Katika mpango, deni la sanduku linatangulia deni la mtu aliyekwisha kupokea 600 juu ya 100 yake. Huyo wa mwisho hajaonewa akiambiwa angoje. Riba za wote zisimamishwe, na dola 500 za mfano wetu, kwa 50 kila mwezi, zinakwisha kwa miezi kumi, na mama anabaki na 10 mkononi kwa ajili ya malaria ya mtoto. Miezi kumi. Kwa njia ya methali, miezi kumi na miwili ilitufikisha tulipoanzia.

Kuhusu swali lake la pili, anayeogopwa hapo ni mlaghai, naye ndiye wa kwanza kukimbia kikao. Mpango unataka aandike kila anachodaiwa na kila anachopata, mbele ya watu wanaomjua, pamoja na ile AVEC ya ng'ambo ya mto na jina la wifi. Mlaghai anaipenda methali kwa sababu inamruhusu kumlipa mmoja mbele ya macho na kuwaficha watano.

Tena mpango wa hapa usinakiliwe kutoka Brussels. Mshahara wa Brussels unaingia kila mwisho wa mwezi. Shamba la Musienene haliijui tarehe. Anayelima viazi na maharage apangiwe malipo makubwa baada ya mavuno na kitu kidogo sana katikati, si kiasi kilekile Novemba na Februari, kwa maana Novemba mbegu iko ardhini na nyumbani hakuna kitu. Na iandikwe deni linahesabiwa kwa makuta gani. Tunauza kwa franka, tunadaiwa kwa dola. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 2,800. Aliyekopa 100 wakati ule na kusuasua alijikuta anabeba zigo mara tatu, bila mdai wake kuongeza hata franka moja. Mwaka 2025 franka ikapanda ghafla, na hapo waliolia walikuwa wengine.

Isitoshe kuna vita, ambavyo methali haivitambui. Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Desemba mapigano yalikuwa Alimbongo; watu walipanda na barabara hii wamebeba magodoro. Januari 2025 Goma ikaanguka na benki zake zikafunga milango. Mkopo wa kununua mbegu uliochukuliwa kabla ya hapo ulikuwa na akili zote: soko lilikuwepo, barabara ilikuwepo. Kumwambia mtu huyo dawa ya deni ni kulipa ni sawa na kumwambia aliyeunguliwa na nyumba kwamba dawa ya baridi ni kufunga dirisha.

Basi nani aite kikao? Si lazima tungoje Kinshasa. Kamati za AVEC za kijiji kimoja zinaweza kukutana mara moja kwa miezi mitatu na kufunguliana madaftari. Parokia ina ukumbi na ina watu wanaojua kunyamaza. Mwenye depo atakuja, namjua, anataka mteja wake arudi. Hospitali itatuma mhasibu, kwa sababu 5 kila mwezi ni bora kuliko 50 iliyoandikwa kwa wino unaofifia. Mwenye Banque Lambert hatakuja. Kiti chake kiwekwe hata hivyo, na katika daftari iandikwe alikopesha 100, tarehe fulani, na amekwisha kupokea kiasi gani mpaka leo.