Acheni Kukata Springi za 504

Nairobi kuna dhambi nyingi za magari, lakini hii inanikera kuliko zote: msee anapata Peugeot 504 stesheni wagoni, ile ndefu ya viti safu tatu iliyopeleka wazazi wetu ushago na magunia juu ya keria, anaitia injini ya Toyota 1JZ yenye turbo, kisha anampa fundi grainda akate springi ndio ndai "ikae poa". Ikae poa wapi? Kwa picha.

504 ya kabureta ilitoka kiwandani na nguvu za farasi zisizofika 100. Hiyo 1JZ inatoa karibu 280, na ni chuma kirefu cha silinda sita kikikalia pua iliyoundiwa silinda nne. Springi za mbele zimelemewa kabla hujawasha gari. Ukizikata zitakuwa ngumu kidogo, sawa, lakini umekula nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka, na tuta la kwanza mtaani litamaliza iliyobaki. Gurudumu likishakuwa hewani halishiki breki wala kona.

Halafu kuna wale wa "lakini hii ni gari ya rally, bana". Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiendesha, na tena 1978, ile kupe ya V6 ya Jean-Pierre Nicolas. Hakuna hata moja iliyokuwa inalamba lami. Zilisimama juu kwa sababu barabara ilikuwa na mashimo. Mashimo yameisha lini?

Na springi ni shida ndogo. Kubwa iko chini huko nyuma, mahali hakuna anayepiga picha. Propela ya 504 hukaa ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa giaboksi, na bomba hilo ndilo linalozuia ekseli isijipinde ukikanyaga mafuta. Ukileta giaboksi ya Toyota, mara nyingi bomba linatupwa. Sasa ekseli inashikwa na nini? Springi nne za nyuma, mbili kila upande, kazi yao ni kubeba mzigo tu. Lazima itengenezewe mikono mipya ya kuizuia isijipinde, na fimbo ya kuizuia isitembee kando, zichomelewe mahali bodi imeongezwa nguvu. Fundi anayekwambia shoki za bei zitatatua hilo anauza shoki.

Saspensheni ianzie hapo. Kisha peleka gari kwa mizani, ekseli moja moja, ikiwa tupu na ikiwa na watu saba na mizigo yao. Namba hizo ndizo za kumpelekea muuza springi. Shoki zinakuja mwisho, zilingane na springi, la sivyo gari itadunda kama mpira. Zile za kurekebisha urefu ni nzuri kwa anayejua uzito wa gari yake. Wengi wanazungusha tu hadi matairi yajifiche.

Na kama jibu lako ni kwamba hutawahi kubeba watu saba, kuna saluni za 504 zinaozea kwenye nyasi huko mashinani. Nunua moja ukate unavyotaka. Wagoni waachie walio na shosho wa kupeleka kliniki.