Uhaba wa Makombora Haufuti Miiko

Wahenga walisema kwamba mwenye njaa hana miiko. Walilisema neno hilo kwa huruma, wakimfikiria maskini aliyekosa chakula. Je, lafaa pia kwa serikali iliyoishiwa na makombora? Swali hilo limewekwa mbele ya ulimwengu na vita vya Ukraine, wala hatuwezi kulikwepa kwa sababu tu vita hivyo viko mbali nasi.

Urusi ilipoivamia Ukraine kwa majeshi yake yote mwezi Februari 2022, mapigano yaligeuka upesi kuwa vita vya mizinga. Makombora yalitumika kwa kasi ambayo viwanda havikuweza kuifikia. Kabla ya vita hivyo, Marekani ilikuwa ikitengeneza makombora ya milimita 155 yapatayo 14,000 tu kwa mwezi. Mwezi Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipatia Ukraine makombora milioni moja katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, yalikuwa yamefika karibu nusu yake.

Katika uhaba huo, wakubwa waligeukia akiba ya zamani. Maghala ya Marekani yalikuwa na mabomu ya mtawanyo, yaani makombora yanayopasuka angani na kumwaga vibomu vingi vidogo juu ya eneo pana. Sheria ya nchi hiyo ilizuia kuyapeleka nje mabomu hayo iwapo zaidi ya asilimia 1 ya vibomu vyake havilipuki vinapoanguka. Hata hivyo, tarehe 7 Julai 2023, Marekani ilitangaza kwamba itayapeleka Ukraine, Rais Joe Biden akiwa ametumia mamlaka yake kukivuka kizuizi hicho. Sababu aliyoitoa ilikuwa wazi: Waukraine walikuwa wakiishiwa na makombora, na akiba ya Marekani yenyewe ilikuwa imepungua.

Tuwatendee haki waliofanya uamuzi huo. Taifa lililovamiwa lina haki ya kujilinda. Urusi ilikuwa imekwisha kuyatumia mabomu ya namna hiyo, tena katika miji yenye watu. Ukraine nayo iliahidi kwa maandishi kwamba haitayatumia mijini, na kwamba itaandika mahali yanapoangukia ili pasafishwe baadaye. Sisi tunaolala salama hatuna ujasiri wa kumlaumu askari aliye handakini.

Lakini na tufanye hesabu. Wakubwa wenyewe walisema kwamba katika mabomu waliyoyachagua, vibomu visivyolipuka havizidi asilimia 2.35. Aina mojawapo ya kombora hilo hubeba vibomu 72. Makombora 100 humwaga vibomu 7,200. Asilimia 2.35 ya hivyo ni vibomu 169 vilivyolala shambani, vikimngoja mwenye jembe. Na hayo ni makombora 100 tu, ilhali mizinga hupiga maelfu.

Matokeo yake hayahitaji kubashiriwa. Nchini Laos, mabomu ya Marekani ya miaka ya 1964 hadi 1973 yalimwaga vibomu zaidi ya milioni 270, na inakadiriwa kwamba vipatavyo milioni 80 havikulipuka. Vita vilikwisha zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na wakulima bado wanavikuta ardhini. Wengi mno wa wanaoumia ni raia, wakiwamo watoto wanaokiokota kibomu wakidhani ni kitu cha kuchezea. Kibomu hakijui kwamba amani imetiwa saini.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalielewa jambo hili. Maghala ya silaha yalipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, walioangamia walikuwamo raia wasiokuwa na ugomvi na mtu yeyote. Silaha iliyowekwa akiba kwa ajili ya adui haimchagui adui.

Ndiyo maana mataifa mengi yaliandika mkataba wa kuyapiga marufuku mabomu ya mtawanyo na kuutia saini mjini Oslo mwezi Desemba 2008. Kiti Kitakatifu kiliutia saini na kuuridhia siku ya kwanza, pamoja na Norway, Ireland na Sierra Leone, nchi ya Kiafrika iliyokuwa imetoka vitani miaka michache tu kabla ya hapo. Mkataba huo unakataza kuyatumia, kuyatengeneza na hata kuyaweka akiba, na kila mwanachama hupewa miaka minane kuyateketeza aliyo nayo. Urusi, Ukraine na Marekani hazimo. Na mwezi Machi 2025 Lithuania ilijitoa, nchi ya kwanza kufanya hivyo, ikitaja hofu ya usalama wake.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Sheria inayoshikwa wakati ghala limejaa na kuachwa wakati ghala ni tupu si sheria. Ni desturi ya wenye shibe. Miiko ya vita iliwekwa kwa ajili ya siku ya dhiki, maana siku ya raha hakuna anayejaribiwa kuivunja. Tena uhaba wenyewe haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitokana na maamuzi ya miaka mingi juu ya viwanda na fedha. Si haki upungufu wa wapangaji ulipwe kwa mguu wa mtoto ambaye hajazaliwa.

Nasi tusijifanye watazamaji. Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba huo mwaka 2008, lakini hadi mwaka 2024 hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa imeuridhia. Sahihi isiyoridhiwa ni kama uchumba usiofika kwenye ndoa. Viongozi wa walei na wanajumuiya, muulizeni mbunge wenu kwa heshima na bila woga: je, suala hili limefikia wapi bungeni? Serikali zetu zikiridhia leo, wakati hakuna anayezilazimisha, zitakuwa zimejifunga mikono kabla ya siku ya majaribu kufika. Huo ndio wakati ufaao wa kuweka mwiko.