Pango Letu la Noeli Litafinyangwa kwa Mikono ya Watoto



Wapendwa waamini, tumekwisha kuingia Juma la Pili la Majilio. Katika mkutano wa Halmashauri ya Walei uliofanyika juzi lilitolewa pendekezo ambalo wengi wenu mmekwisha kulisikia: kwamba parokia ichangishe fedha za kununua pango jipya la Noeli, lenye sanamu za plastiki zilizopakwa rangi na taa za umeme zinazowaka na kuzimika zenyewe. Waliolitoa walikuwa na nia njema, nami nawashukuru. Hata hivyo nililipinga, tena kwa sauti iliyopanda kuliko impasavyo paroko mbele ya wazee, na kwa hilo naomba radhi. Juma hili napenda kueleza sababu zangu kwa utulivu, kwa maana jambo lenyewe si la pango la kanisani peke yake. Linagusa namna tunavyoiadhimisha Noeli majumbani mwetu pamoja na watoto wetu.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa padre kijana, katika parokia ya vijijini iliyo mbali na hapa, nilikuta watoto wa Utoto Mtakatifu wamezoea kutengeneza pango kila mwaka kwa udongo wa kichuguu. Ng'ombe wao walikuwa wazuri ajabu, kwa sababu watoto wale walikuwa wachungaji na walijua barabara nundu inakaa wapi. Binadamu hawakuwa wazuri. Bikira Maria alikuwa na shingo nene, na Yosefu alikuwa mkubwa kuliko zizi. Mwaka wangu wa pili pale, rafiki yangu mmoja wa mjini alinizawadia sanamu za kiwandani. Siku ya mkesha niliziweka pangoni bila kumwambia mtu, na zile za udongo nikazipanga nje, nyuma ya sakristia. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi watoto walizikuta zimerudi kuwa tope. Hakuna aliyelalamika, maana watoto wa vijijini hawalalamiki mbele ya padre. Lakini mwaka uliofuata nilipowaita waje kupamba kanisa walikuja watatu tu, na mmoja wao akaniuliza kwa adabu kama ng'ombe wa dukani nao wanahitaji kukatiwa majani.

Nimekaa na swali hilo kwa miaka mingi.

Tukumbuke pango lilianzaje. Mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa Greccio, kijiji cha milimani katika Italia ya kati. Tomaso wa Celano, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba siku zipatazo kumi na tano kabla ya Noeli alimwita mtu mmoja wa huko aitwaye Yohane, akamwomba aandae hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Basi. Hapakuwa na sanamu hata moja. Usiku ulipofika, watu wa kijiji walikuja na mishumaa na mienge yao, Misa ikaadhimishwa juu ya hori lile, naye Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Vyote vilivyohitajika vilitoka katika mazizi na nyumba za wanakijiji wenyewe. Mwaka 2023 Kanisa liliadhimisha miaka 800 ya tukio hilo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amekwisha kwenda Greccio kwenyewe tarehe 1 Desemba 2019 na kutia sahihi Barua ya Kitume iitwayo Admirabile Signum, ambamo anawatia moyo wazazi waendeleze desturi ya kuandaa pango nyumbani pamoja na watoto, na kusifu ubunifu wa watu wanaotumia vifaa vya kila namna.

Mzee mmoja mkutanoni alinijibu kwamba Mungu anastahili kilicho bora, na kwamba udongo ni dharau. Hoja hii ni nzito, wala siipuuzi. Kalisi yetu ni ya thamani, na ni haki iwe hivyo. Lakini someni tena sura ya pili ya Injili ya Luka, polepole. Mama mwenyewe ndiye anayemvika Mwanawe nguo za kitoto na kumlaza horini; Mwinjili hamtaji mkunga wala mtumishi. Ishara wanayopewa wachungaji ni hiyo hiyo: mtoto aliyevikwa na kulazwa mahali pa kulishia mifugo. (Ng'ombe na punda, kwa taarifa yenu, Luka hawataji kabisa, Kanisa limewapata katika Isaya 1:3.) Kilicho bora katika usiku ule kilikuwa mikono ya Maria na ya seremala Yosefu. Nami sijui dukani wanauza kitu gani cha kulingana na hicho.

Hata shada la Majilio, ambalo sasa tunaliona kuwa letu tangu enzi za Mitume, ni kazi ya mikono, tena ya jirani zetu Walutheri. Mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern wa Hamburg, Ujerumani, alikuwa akilea watoto maskini katika makao yake. Inasimuliwa kwamba walimsumbua kila siku kwa kumwuliza Noeli itafika lini. Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo ya siku za juma na mikubwa minne ya Dominika, ili wajihesabie wenyewe. Mchungaji yule angekuwa na fedha za kutosha, labda angewanunulia kalenda.

Sasa niseme jambo lililonipandisha sauti mkutanoni. Baba mmoja wa parokia yetu, aliyeniruhusu nisimulie bila kumtaja, hakuonekana kanisani Noeli iliyopita. Nilipomtembelea siku ya pili aliniambia ukweli. Ni kibarua, na Desemba ile vibarua vilikuwa haba. Hakuwa na fedha za nguo za sikukuu, wala za kuku, wala za soda. Alfajiri aliondoka nyumbani na kwenda kukaa chini ya mwembe kando ya barabara hadi giza lilipoingia, asiwaone watoto wake wakiwatazama watoto wa jirani. Mtu mwenye afya, mwenye mikono miwili, alijificha siku nzima asionane na wanawe, siku ambayo Mungu alijifanya mtoto ili aonane nasi. Nani alimfundisha kwamba baba asiye na fedha hana kazi siku ya Noeli? Naogopa kwamba ni sisi. Tumeifanya sikukuu kuwa kitu cha kununuliwa, na asiyeweza kununua anajitoa mwenyewe kabla hajatolewa. Wengine hawajitoi, hukopa. Halafu Januari ada ya shule inabisha hodi nami naletewa kesi za ndoa.

Nilimwuliza baba yule sikukuu za utoto wake zilikuwaje. Akaanza kunieleza magari ya waya aliyoyaunda, yenye magurudumu yaliyokatwa katika kandambili zilizochakaa na usukani mrefu wa kuendeshea huku umesimama. Alieleza kwa dakika nyingi, akicheka, akikunja hewa kwa vidole. Watoto wake hawakuwa wamewahi kuliona hata gari moja la namna hiyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ninachoomba ni kazi ndogo za nyumbani, zinazofanywa na wazazi na watoto pamoja. Nyota ya kuning'iniza mlangoni inahitaji vijiti vitano vya mwanzi au chelewa za ufagio, uzi, na karatasi za rangi. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Mti wa Noeli kwa sisi wa ukanda huu ni tawi la mvinje ndani ya ndoo ya mchanga, na kama mkrismasi wa jirani umechanua maua yake mekundu, mwombeni tawi. Kuhusu sanamu za udongo, nimejifunza kwa majuto na naweza kuwaelekeza: udongo wa kichuguu upondwe, utolewe mizizi na changarawe, ukandwe kama unga wa maandazi. Miguu ya wanyama iwe mifupi na minene. Mahali pa kuunga sikio au pembe pakwaruzwe kwa kijiti na kupakwa tope laini. Kisha sanamu zikauke kivulini kwa siku kadhaa, maana zikianikwa juani hupasuka.

Upande wa vitamu, watoto hawahitaji keki ya dukani. Nazi mbili zilizokunwa, sukari nusu kilo, maji kidogo na iliki iliyotwangwa vinatosha kwa sinia la kashata. Sukari ichemshwe na maji hadi inate, nazi na iliki zitiwe, ikorogwe bila kuchoka hadi iache sufuria, imiminwe kwenye sinia lililopakwa mafuta, na ikatwe ingali na joto, kwa kuwa ikipoa huvunjika ovyo. Mkorogaji awe mtu mzima. Sukari inayochemka inaunguza vibaya kuliko maji, na watoto wasubiri kazi ya kukata na kupanga, ambayo kwa vyovyote ndiyo wanayoipenda zaidi kwa sababu ya vipande vinavyovunjika.

Hapa najua akina mama wanasoma na kuguna. Wanasema moyoni: Baba Paroko anaongeza kazi, na mwenye kuifanya tunamjua. Mna haki. Noeli ya nyumbani ikiwa maana yake ni mama kusimama jikoni tangu saa kumi alfajiri na wengine kusubiri sahani, basi afadhali tununue. Ombi langu ni kinyume cha hilo. Mbuzi ya kukunia nazi haichagui wa kuikalia. Baba aikalie, na wavulana wapokezane naye. Mimi mwenyewe nimelelewa na mama aliyeamini kwamba kijana asiyejua kukuna nazi hafai hata seminari.

Kashata zikiiva, sahani ya kwanza iende kwa jirani Mwislamu. Sihitaji kuwafundisha hili, kwa kuwa sahani za pilau zinatufikia kila Idi na kila mmoja anajua kwamba sahani ya watu hairudi tupu. Nakumbusha tu kwamba apeleke mtoto, tena aliyeshiriki kuipika, ili akiulizwa nani kaipika awe na jibu.

Na alasiri, michezo. Watoto wetu wanaipoteza haraka, hasa wale tunaowapa simu ili watuache tuzungumze. Rede inahitaji mpira wa soksi kuukuu tu: wawili wanarushiana, wa katikati anakwepa, na bibi anayetazama anapewa haki ya kuamua nani kapigwa. Lakini nawasihi sana mchezo wa kombolela. Mmoja analinda kopo, wengine wanajificha. Wanaoonekana wanakamatwa mmoja mmoja na kusimama kando, hawawezi kujisaidia. Halafu anatokea mmoja ambaye hajakamatwa, anakimbia mbele ya macho ya mlinzi, anabutua kopo, na wote waliokamatwa wako huru. Jina lenyewe linatukumbusha kukomboa. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na sijapata njia nyepesi zaidi ya kumweleza mtoto wa miaka saba neno Mkombozi kuliko kumwuliza alijisikiaje aliposikia kopo likilia. Wazazi wacheze nao. Baba mwenye kitambi akijificha nyuma ya mgomba huonekana mapema, na hilo nalo ni zawadi kwa watoto.

Sina ugomvi na wafanyabiashara, ambao wengi wao ni waamini wa parokia hii na wana familia za kulisha. Mwenye uwezo amnunulie mwanawe nguo, tena ikiwezekana kwa fundi cherehani wa hapa hapa. Ninachokataa ni kile kipimo kilichoingia mioyoni mwetu, kwamba sikukuu imefana kadiri fedha zilivyotoka. Na kanisa, ambalo watoto wote huja kulitazama, maskini na wenye nacho, lisiwe mahali pa kwanza pa kuonyesha kipimo hicho.

Halmashauri imeniachia uamuzi kwa mwaka huu. Basi Jumamosi ijayo, baada ya mafundisho, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ilete ndoo moja ya udongo uwanjani kwa parokia. Jumuiya zimegawana: wachungaji, kondoo, Mamajusi na ngamia wao, Familia Takatifu. Mimi nimepangiwa punda, na nimeombwa nisisaidiwe. Yule baba wa mwembe amekubali kuja na koleo na waya, naye atawafundisha watoto kuunda magari baada ya kazi ya pango kwisha. Kandambili zilizokatika ziletwe, zinahitajika nyingi. Mvua za mwaka huu hazitabiriki, kwa hiyo sanamu zote zitakaushwa ndani, katika sebule ya nyumba ya mapadre. Ufunguo wa mlango ule nitawakabidhi watoto.

Nawatakieni Majilio mema.

Paroko wenu