Tuyo ya mine si mtutu wa bunduki

Bandugu wafanyakazi, bamama wa kwenye kampi, kila mwaka mvua ikiisha na majani yakianza kukauka, swali moja linarudi kwetu: nani ako na tuyo nzuri ya kutengenezea bunduki? Mtu anaulizia kwa fundi wa sudure, kwa shofa wa lori, kwa ndugu yake wa mine. Na sisi wa sendika wanatuuliza, juu wanajua tunapita kila siku karibu na mabaki ya vyuma.

Leo tunajibu mbele ya wote. Kwenye mine hamna mtutu wa bunduki, hata mmoja. Mwenye kukuuzisha tuyo ya mine kwa kazi ile anauzisha mkono wako.

Hatusemi hivi ili kuwapendeza wakubwa wa kampuni. Tunasema juu tulikwenda hospitali kumwona mwenzetu mmoja, mtu wa miaka 19 ya kazi. Bunduki yake ilipasuka karibu na uso. Mkono wa kushoto ulibaki na vidole viwili. Tuyo alikuwa ameitoa kwenye mabaki ya kazi, akampelekea fundi wa kijiji. Kampuni ilisema hii si aksida ya kazi, ni wizi. Barua ya kumfukuza ilimkuta bado kitandani. Tulijaribu kumtetea, tukashindwa. Tuseme ukweli: kwenye karatasi, haki ilikuwa upande wao.

Alituambia: "Ile tuyo ilikuwa inapitisha mayi ya presha ku mine, haikupasukaka hata siku moja. Niliwaza iko nguvu."

Njo kosa la wengi wetu. Presha ya mayi kwenye tuyo zetu tunaihesabu kwa bar kumi, ishirini, na inapanda polepole. Kartushi ya kalibre 12 inaweza kufika bar 700 na zaidi. Karabini kubwa za kuwinda zinapita bar 3000. Na yote hayo kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Tena tuyo nyingi za mayi ni bamba la chuma lililokunjwa, likaunganishwa kwa sudure toka mwanzo mpaka mwisho. Mshono uko, hata kama macho hayauoni. Presha inatafuta mshono ule, na tuyo inafunguka kama ganda la maharagi.

Wengine wanasema: basi tuchukue flere, ile nondo ya kutobolea mawe, ni ngumu kupita vyote. Lakini ugumu na nguvu ni vitu viwili. Kila mchimbaji ameona flere ikikatika bila kutoa habari, juu imepigwa mara maelfu na ufa mdogo ulishaanza ndani. Mtutu unaomba chuma kinachoweza kuvutika kidogo na kurudi, si chuma kinachovunjika kama chupa. Na ile bare ya direksio ya motokari ilifanywa kuzungushwa na mikono ya shofa. Haikufanywa kubeba moto ndani.

Jambo baya zaidi ni kile wanachotia ndani. Baruti ya bunduki inawaka na kusukuma risasi. Dinamite ya mine haisukumi, inavunja. Imefanywa kuvunja jiwe. Hakuna mtutu duniani wa kuivumilia, hata uliotoka Ulaya na bei ya nyumba. Mwenye kutoa dinamite kwenye mine juu ya kuwinda, anajiua na anaua wengine.

Mtutu wa kweli unachaguliwa namna gani? Mtu anayeagiza bunduki ya kuwinda kwa fundi wa Ulaya, ile ya kipimo chake mwenyewe, anaulizwa kwanza: utawinda nyama gani, kwa umbali gani, pori ni wazi ao ya kufunga? Kwenye pori ya miti mingi kama yetu, mtutu mrefu sana unakwama kwenye matawi. Mwepesi unapendeza kubeba siku nzima, lakini unapata moto haraka. Mzito unachosha, lakini unatulia mkononi. Wa kalibre 12 kwa kawaida ni laini ndani, unatupa chembe nyingi. Wa karabini uko na mistari ndani ya kuzungusha risasi moja ili iende sawa. Kwa hiyo mtutu na risasi vinachaguliwa pamoja, haviokotwi kila kimoja kwenye rundo lake.

Na mbele ya hayo yote kuna alama. Mjini Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 1672 kuna nyumba ya kujaribu mitutu. Kila mtutu unapigishwa na presha inayopita ile ya kazi, bila mtu kuushika. Ukivumilia, unapigwa muhuri. Ukipasuka, umepasuka kule, si usoni mwa baba wa watoto. Mzee mwenye bunduki ya zamani ya Wabelgiji aangalie vizuri kwenye mtutu: mara nyingi atakuta herufi ELG ndani ya duara kama yai. Na mtutu wa fundi wetu wa kijiji unajaribiwa wapi? Kwenye bega la mwenye kuununua.

Tunasikia mtakavyosema: bunduki yenye muhuri ni franga ngapi, na ruhusa inapatikana kwa nani? Ni kweli. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 inaomba ruhusa ya kuwa na bunduki, na sheria ya kuwinda ya mwaka 1982 inaomba ruhusa ya kuwinda. Mwenye mshahara mdogo wa kontra ya miezi mitatu hawezi kuzipata zote mbili na kulipa masomo ya watoto. Wazee wetu wa Union Minière walikuwa wanapata posho ya chakula juu ya mshahara. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka na ile operesio ya depar volontere. Leo mshahara unakwisha mbele ya mwezi kwisha. Bukari iko, mboga hakuna. Mama anaangalia baba, na baba anaangalia pori.

Hatutetei kuua nyama ndani ya Upemba na Kundelungu. Parke zile ni za watoto wetu pia. Lakini mwenye kutaka vijana waache tuyo za mine, asiseme nao habari ya sheria tu. Aseme nao habari ya mshahara.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwa kampuni: mshahara unaofikisha familia mwisho wa mwezi, na mabaki ya tuyo na flere yakatwe vipande na kufungiwa, yasiachwe wazi kama mtego. Kwa serikali ya Provinsi: msiwafuate mafundi wa vijijini kwa kuwakamata peke yake. Muwaite, muwaandike, mitutu yao iangaliwe na watu wanaojua chuma. Watu hao tuko nao. Likasi kuna mafundi wa Ateliers Centraux de Panda, hapa mjini kuna Polytechnique ya Université de Lubumbashi. Mtutu mbaya uvunjwe mbele ya mwenyewe, na aelezwe sababu.

La tatu ni kwenu, bandugu. Usitoe tuyo, usiuzishe tuyo, usinyamaze ukiona tuyo inatoka. Na wewe mama, akifika nyumbani na chuma kimefungwa ndani ya gunia, muulize ni ya nini. Usikubali kunyamaza juu ya nyama ya pori ya siku moja.

Mwenzetu yule sasa anauzisha makala kando ya barabara. Bibi yake njo anafunga magunia. Sendika inaweza kupigania mshahara, inaweza kupigania dekonti, mara nyingine hata kazi iliyopotea inarudi. Kidole kilichokatika hatujui namna ya kukipigania.