Likizo ya familia ipangwe kwa kumtazama aliye dhaifu zaidi

Shule zinakaribia kufungwa, na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia nyingi mjadala ni mmoja: mwaka huu tunakwenda wapi? Wapo wanaotaka kuona tembo na twiga Mikumi. Wapo wanaotaka ufukwe wa Pangani au Bagamoyo. Wengine wamevutiwa na misitu ya Usambara, kule Amani na Lushoto. Mwisho wa mjadala, mtu mmoja anasema basi tuunganishe vyote: mbuga, bahari na msitu, siku nne tu, tunarudi.

Ninaunga mkono safari hizi. Kutembea msituni, kulala usingizi wa kutosha, kula pamoja bila haraka na kuweka simu pembeni ni mambo ambayo sisi madaktari tunawaelekeza kila siku wagonjwa wa presha, kisukari na msongo wa mawazo, na wachache sana huyapata. Likizo ya familia si anasa. Ni sehemu ya afya.

Hoja yangu ni nyingine. Familia nyingi hupanga safari kwa kumtazama mwenye nguvu zaidi, yaani baba anayeendesha gari au kijana anayetaka picha nzuri. Mtoto mchanga, bibi mwenye presha na mtoto mwenye selimundu hupakiwa kama mizigo, wakafuata mwendo wa wengine. Nasema tugeuze mpango huo. Safari ianze kupangwa kwa kumwangalia aliye dhaifu zaidi ndani ya gari. Wenye nguvu watamfuata, wala hawatapungukiwa na kitu.

Ratiba ndiyo kinga ya kwanza

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni takriban kilomita 350. Kutoka Arusha hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 400. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 30 za kona ambazo watoto wengi hutapika kabla hawajafika. Ukitaka kugusa sehemu tatu kwa siku nne, utaendesha usiku, utaendesha ukiwa umechoka, na utaendesha kwa haraka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Huo ndio umri wa watoto wetu walioko kwenye kiti cha nyuma. Kwa hiyo nikiulizwa hatari kubwa ya likizo ni ipi, sitaji simba wala nyoka. Nataja barabara.

Ushauri wangu ni sehemu mbili, si tatu, na kila sehemu mlale angalau usiku mara mbili. Ondokeni alfajiri, mfike kabla ya jua kuzama. Dereva apumzike kila baada ya saa mbili. Kila mtu afunge mkanda, na watoto wakae nyuma. Mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele hana ulinzi wowote, kwa sababu gari likigonga hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia.

Homa inayokuja baada ya likizo

Katika kazi yangu nimemwona mtoto wa miaka minne, mkazi wa Arusha, aliyekwenda na wazazi wake pwani mwishoni mwa Desemba. Walilala siku tano bila chandarua kwa sababu chumba kilikuwa na feni. Siku ya tisa baada ya kurudi nyumbani, mtoto akapata homa. Mama akadhani ni uchovu na mafua ya safari. Duka la dawa likampa dawa ya kushusha homa na antibiotiki. Siku ya tatu mtoto akapata degedege, akaletwa hospitali akiwa ameishiwa damu. Ilikuwa malaria kali. Alichomwa sindano za artesuneti, akaongezewa damu, na Mungu akamsaidia akapona. Katika siku zile tatu hakuna aliyemuuliza mama yule swali moja jepesi: mtoto alikuwa wapi wiki mbili zilizopita?

Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, mara nyingine siku ya saba, na mara nyingine wiki kadhaa baadaye. Wakati huo likizo imeshasahaulika na watoto wamerudi shuleni. Malaria ya aina ya falsiparamu ikicheleweshewa matibabu kwa zaidi ya saa 24 inaweza kugeuka kuwa kali, hasa kwa mtoto mdogo na mjamzito.

Wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako malaria ni kidogo sana, wanatakiwa kulielewa hili zaidi ya wengine. Vivyo hivyo ndugu zetu wanaokuja na watoto kutoka Ulaya na Marekani kusherehekea Krismasi. Watoto hao hawana kinga yoyote ya malaria. Wazazi wao waonane na daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, na wakirudi huko wakapata homa, wamwambie daktari neno la kwanza kabisa: tumetoka Tanzania.

Wala uzuri wa mahali usitudanganye. Wilaya ya Muheza, ambako ndiko uliko msitu wa Amani wenye vijito na maua yasiyopatikana kwingine, imekuwa sehemu ya uchunguzi wa malaria tangu enzi za ukoloni, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo chake huko. Watafiti hawakwenda pale kufuata mandhari.

Bebeni vyandarua vyenu vyenye dawa, hata kama hoteli inasema inavyo. Jioni vaeni nguo za mikono mirefu na mpake dawa ya kufukuza mbu. Mchana pia msijisahau, kwa sababu mbu wa homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari ipimwe siku hiyo hiyo. Kipimo kikionyesha hakuna malaria na homa ikaendelea, rudi kesho yake upimwe tena. Usimeze dawa mseto kwa kubahatisha. Na kwa kuwa huwezi kujua mapema kama ni dengi, tumia parasetamoli kushusha homa, uache diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo zinaweza kuongeza kutoka damu.

Kuzama hakuna kelele

Watu wengi wanaamini kwamba mtu anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Mara nyingi haiwi hivyo, hasa kwa mtoto. Kinywa kimeingia maji, hawezi kuita. Anatoweka kimya wakati watu wazima wanageuza samaki kwenye moto hatua kumi kutoka pale. WHO inakadiria kwamba watu 300,000 walikufa kwa kuzama maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo ufukweni kuwe na zamu. Mtu mzima mmoja, asiye na simu mkononi wala kinywaji cha kulevya, aangalie watoto kwa nusu saa, kisha ampokee mwingine. "Wote tunaangalia" maana yake hakuna anayeangalia. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mkipanda boti, kila mmoja avae jaketi okozi, na la mtoto liwe la kipimo chake.

Waulizeni wavuvi kuhusu maji. Mtu wa bara anaweza kukaa pwani siku tatu bila kujua kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji huja kwa nguvu na kufika mbali zaidi. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni fungu la mchanga ambalo bamvua hulifunika. Ukitembea na watoto kwenye mafungu maji yakiwa yamekupwa, mjue saa ya kurudi kabla hamjatoka.

Msituni na mbugani

Saadani ni hifadhi ya taifa ambayo wanyama wake hufika hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi, na familia nyingi huipenda kwa sababu hiyo. Huko, kama ilivyo Mikumi, kuna mbung'o. Mbung'o huuma mchana, hupenya nguo nyepesi, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vaeni kaki au kijivu, kitambaa kizito kidogo. Ugonjwa wa malale ni nadra, lakini mtu akipata kidonda palipoumwa kikifuatiwa na homa, amweleze daktari kwamba alikuwa mbugani.

Msilishe nyani wala tumbili. Aking'ata au kuparura, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msinyonye sumu, msikaze kamba. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali. Na watoto wasioge kwenye maji baridi yaliyotuama yenye konokono, maana huko ndiko kichocho kinakopatikana.

Mwenye ugonjwa wa kudumu asiachwe nyumbani

Nimesikia familia zinazomwacha bibi mwenye kisukari kwa sababu "atatusumbua". Hapana. Apelekwe, ila mpango umfuate yeye. Dawa zake ziwe za siku zote za safari na siku tatu za ziada, zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari linalochemka. Insulini isigandishwe wala isiachwe juani. Pasipo friji, chupa zake zikifungwa vizuri kwenye mfuko na kuwekwa ndani ya chungu chenye maji, kivulini, hupata ubaridi wa kutosha.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kuona msitu kama watoto wengine. Anachohitaji ni sweta kwa ubaridi wa Lushoto, maji ya kunywa kila mara, mapumziko njiani, na asiingizwe kwenye maji ya baridi ya maporomoko, kwa sababu baridi na upungufu wa maji mwilini huamsha maumivu makali. Mtoto mwenye ualbino afurahie bahari asubuhi na jioni, akae kivulini kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, akiwa na kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

Najua wapo watakaosema daktari anatutisha. Sisi tulikulia kijijini, tulioga mitoni, na tuko hai. Ni kweli mko hai. Lakini wapo mliocheza nao ambao hawapo, na hatuwahesabu kwa kuwa hawawezi kusimulia. Pia kinga ya malaria hujengwa kwa kuumwa mara nyingi na hufifia mtu akiishi mbali nayo. Baba aliyekulia Muheza na kuishi Arusha miaka 20 hawezi kuitegemea kinga ya utoto wake, na mwanawe hakuirithi.

Kuna mwili mwingine ambao hausemwi: mama. Mara nyingi yeye ndiye anayefungasha, anayepika, anayefua, anayeamka usiku, na anarudi kutoka likizo akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Kama ana mimba au ananyonyesha, huenda yeye ndiye dhaifu zaidi katika gari. Gawaneni kazi kabla ya kuondoka, kwa majina.

Jioni hii, kabla hamjalipa hoteli, chukueni karatasi. Andikeni jina la kila msafiri, umri, ugonjwa alionao na dawa anazotumia. Chini yake andikeni hospitali iliyo karibu na kila mtakapolala: kwa Amani ni Hospitali Teule ya Muheza, kwa Tanga mjini ni Bombo. Hakikisheni mapema kama kadi zenu za bima zinapokelewa huko. Kwenye mfuko wa dawa wekeni pakiti za ORS, zinki kwa watoto, parasetamoli, kipimajoto, bandeji na sabuni. Kisha tazameni jina la aliye dhaifu kuliko wote, na muulizane: je, ratiba hii anaiweza? Kama jibu ni hapana, badilisheni ratiba, si msafiri.