Kwa nini dizeli iliipita petroli Oktoba 2023, na Tunduma ililipaje

Songwe. Mwanzoni mwa Oktoba 2023, ungepita sheli yoyote ya Tunduma ungeona jambo kwenye bango la bei. Namba ya dizeli ilikuwa juu ya ile ya petroli. Kwa mwenye bodaboda haikuwa habari kubwa, aliweka wese lake na kuondoka. Kwa mwenye Fuso, trekta au mashine ya kusaga, hiyo ndiyo ilikuwa habari ya mwezi mzima.

Bei kikomo za Ewura zilizoanza kutumika Jumatano ya Oktoba 4, 2023 ziliweka lita ya petroli jijini Dar es Salaam Sh3,281 na dizeli Sh3,448. Dizeli ilikuwa juu kwa Sh167. Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini, iliongezewa gharama ya usafiri, shilingi mia na ushee kwa kila lita.

Sasa rudi nyuma miezi miwili tu. Agosti, petroli Dar ilikuwa Sh3,199 na dizeli Sh2,935, yaani dizeli ndiyo ilikuwa nafuu, tena kwa Sh264. Septemba petroli ikafika Sh3,213, dizeli ikaruka hadi Sh3,259. Ukijumlisha, kati ya Agosti na Oktoba petroli ilipanda Sh82. Dizeli ilipanda Sh513.

Zote mbili zinatokana na mafuta ghafi. Ilikuwaje moja ikapanda zaidi ya mara sita ya mwenzake?

Tuanze na kodi

Mafuta yakipanda, wa kwanza kushukiwa ni serikali. Safari hiyo tofauti kati ya petroli na dizeli haikuletwa na kodi. Tena ukweli ulikuwa kinyume kabisa.

Ushuru wa bidhaa kwenye petroli ulikuwa Sh379 kwa lita. Kwenye dizeli ulikuwa Sh255. Tozo ya barabara ilikuwa sawa kwa zote mbili, na ile Sh100 iliyoongezwa Julai 2023 kwa ajili ya miradi ya kimkakati ilizigusa zote sawa. Kwa hiyo kila lita ya dizeli ililipa ushuru pungufu kwa Sh124.

Hapo ndipo bango la sheli lilipoficha jambo. Mtu aliona tofauti ya Sh167, lakini dizeli ilifika hapo ikiwa tayari imepewa unafuu wa Sh124. Ondoa unafuu huo na tofauti halisi ya gharama kati ya mafuta haya mawili, kabla ya ushuru huo, ilikuwa karibu Sh291 kwa lita. Kwa maneno mengine, mwezi ambao dizeli na petroli zinalingana kwenye bango, dizeli huwa imeshakuwa ghali zaidi huko ilikotoka.

(Wanaojiuliza kwa nini wakati huo mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mkubwa kuliko yote, Sh465 kwa lita: serikali iliyapandishia kodi kwenye bajeti ya mwaka 2011, kwa sababu wajanja walikuwa wanayachanganya kwenye dizeli na kuuza. Uchakachuaji ulipungua, na mwenye kibatari kijijini akabaki na bili.)

Pipa moja, wateja wengi

Pipa la mafuta ghafi lina lita 159. Kiwanda kikilipika, hutoa gesi, petroli, mafuta ya ndege na ya taa, dizeli, na mwisho mafuta mazito ya meli na lami. Kiwanda hakiwezi kuamka asubuhi na kuamua leo ni dizeli tupu. Kinaweza kusogeza kidogo huku na kule, basi. Kwa hiyo dizeli ikihitajika zaidi kuliko pipa linavyoweza kutoa, bei yake inapaa peke yake na petroli inabaki ilipo.

Na dizeli ina wateja ambao hawawezi kusubiri. Petroli duniani kote ni mafuta ya gari dogo na pikipiki. Ikipanda sana, mtu anaacha gari nyumbani, anapanda daladala. Lakini lori lenye shaba kutoka Kongo haliachwi nyumbani. Trekta, treni, katapila la mgodini, jenereta ya hospitali, hizo zote zinanunua kwa bei yoyote iliyopo. Ongeza Ulaya na Marekani, ambako mafuta ya jamii hiyohiyo ya dizeli hupasha joto nyumba wakati wa baridi, na baridi yao ilikuwa inaanza miezi hiyo. Ongeza pia ndege: mafuta yake yanatoka karibu na sehemu ileile ya pipa, na tangu vizuizi vya Uviko-19 viondoke watu wamerudi kusafiri.

Upande wa petroli, msimu wa Wamarekani kusafiri na magari yao wakati wa kiangazi ulikuwa umekwisha. Moja ilitafutwa zaidi, nyingine ilikuwa imepoa.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi wanalijua kwa uzoefu: lita ya dizeli inakwenda mbali zaidi. Ina nishati zaidi ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yake inaitumia vizuri. Kwa hiyo hata bei zikilingana, mwenye dizeli bado anapata zaidi kwa lita. Hilo halikumpunguzia maumivu aliyelipa wakati huo, lakini linaeleza kwa nini hakuna mtu mwenye lori anayefikiria kuhamia petroli.

Ulaya imekuja kununua dukani kwetu

Tanzania haisafishi mafuta. Kiwanda cha Kigamboni kiliacha kazi hiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita, kwa hiyo tunanunua dizeli iliyokwisha kutengenezwa, nyingi kutoka Ghuba ya Uajemi na India, kwa zabuni za pamoja zinazoratibiwa na PBPA.

Kabla ya vita ya Ukraine, Ulaya ilichukua dizeli nyingi kutoka Urusi. Februari 5, 2023 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku bidhaa za mafuta za Urusi zinazoletwa kwa meli. Wazungu hawakuacha kuendesha malori. Walikwenda kununua Ghuba na India, kwenye duka lilelile ambalo Tanzania inanunua, wakiwa na mfuko mnene zaidi.

Kisha Saudi Arabia ikapunguza uzalishaji kwa mapipa milioni moja kwa siku kuanzia Julai, na Septemba 5 ikatangaza kuendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka. Pipa la Brent likavuka Dola 90. Hapa pana kitu ambacho hakisemwi sana: mafuta ghafi ya Ghuba ni mazito, na mazito hutoa dizeli nyingi kuliko yale mepesi ya Marekani. Ukipunguza hayo sokoni, umepunguza dizeli zaidi kuliko petroli.

Ewura yenyewe, ikieleza bei za Oktoba, ilitaja uamuzi wa nchi za OPEC+ kupunguza uzalishaji na vikwazo dhidi ya Urusi. Lakini namba ya kukodolea macho katika maelezo yake ilikuwa nyingine. Bei ya soko la dunia ilikuwa imepanda kwa hadi asilimia 4.21. Gharama za uagizaji zilikuwa zimepanda kwa hadi asilimia 17 kwa petroli, na hadi asilimia 62 kwa dizeli.

Gharama hizo ni kile anacholipwa mshindi wa zabuni juu ya bei ya soko: meli, bima, mkopo wa kununulia mzigo, faida yake. Muuzaji akiona dizeli ni adimu na wateja wanagombania, anataka zaidi. Na alipoona mnunuzi anatoka nchi ambayo waagizaji walikuwa wamehangaika mwaka mzima kutafuta dola, hakuwa na sababu ya kumpunguzia. Hilo la dola lilikuwa letu wenyewe, Riyadh na Moscow hawakuhusika.

Haikuwa mara ya kwanza dizeli kuongoza. Mei 2022, miezi michache baada ya vita kuanza, Dar ilikuwa na dizeli ya Sh3,258 na petroli ya Sh3,148. Wakati ule Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ruzuku ya Sh100 bilioni, iliyoanza kushusha bei Juni. Oktoba 2023 hakukuwa na ruzuku ya namna hiyo kwenye bango.

Hesabu ya lori moja

Dizeli inayouzwa Tunduma inaletwa na lori linalotumia dizeli. Sabuni, mabati na simu zinazouzwa mjini, hivyo hivyo. Kwa hiyo ni rahisi mwenye duka kusema "mafuta yamepanda" na mteja akaishiwa hoja. Tupige hesabu.

Chukua lori lenye mzigo linalokula lita moja kwa kila kilomita mbili. Dar hadi Tunduma, tuseme kilomita 930, linahitaji lita 465. Kwa ongezeko la Sh513 kati ya Agosti na Oktoba, safari hiyo iliongezeka gharama kwa takriban Sh238,500. Kwa mwenye lori hiyo ni hela, tena akiwa na magari matano ni zaidi ya milioni moja kwa kila zamu.

Lakini likiwa limebeba tani 30, ongezeko hilo ni kama Sh8 kwa kilo. Hata likirudi Dar tupu na gharama yote ya kurudi ikabebeshwa mzigo uleule, haifiki Sh16 kwa kilo. Akija mtu akakuongezea Sh200 kwenye kilo ya bidhaa iliyotoka Dar na kusema ni dizeli, sehemu kubwa ya hiyo mia mbili si dizeli.

Maumivu makubwa yako kwingine, mbali na barabara kuu. Fuso linalotoka Kamsamba na mpunga halibebi tani 30 na halipiti lami mwanzo mwisho. Mafuta yake yanagawanywa kwa magunia machache. Kijiji ambacho umeme haujafika kinasaga mahindi kwa mashine ya dizeli, na bei ya kusaga debe haipandi kwa shilingi saba au kumi. Inapanda kwa mia, kwa sababu chenji ya chini ya hapo ni shida, na ikishapanda hairudi.

Kisha kuna trekta. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza kwenye Novemba, hivyo Oktoba ni mwezi wa kuandaa mashamba Mbozi, Momba na Ileje. Kama trekta inatumia lita nane kulima ekari moja, dizeli peke yake iliongeza zaidi ya Sh4,100 kwa ekari kati ya Agosti na Oktoba 2023. Mwenye ekari kumi alitafuta Sh41,000 ambazo hakuzipangia, na mbegu na mbolea bado.

Bomba linapita, haliachi kitu

Kuna kejeli moja ya kijiografia mkoani Songwe. Dizeli nyingi inapita hapa chini ya ardhi. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, lilijengwa miaka ya 1960 kupeleka mafuta ghafi Zambia. Baada ya kiwanda cha Indeni kusimama, Zambia ililigeuza, na mwaka 2023 lilianza kusafirisha dizeli iliyo tayari. Lakini hiyo ni dizeli ya Zambia. Bomba si la kufungulia koki njiani, na ya Tunduma inaendelea kuja kwa malori, ikipanga foleni na wengine.

Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, utaratibu ni tofauti kabisa. Mamlaka ya nishati ya Zambia, ERB, hutangaza bei moja ya nchi nzima kila mwezi, kwa hiyo mtu wa Nakonde hailipii umbali wake kutoka Lusaka. Mtu wa Tunduma anaulipia umbali wa Dar hadi senti ya mwisho. Pengo la bei kati ya miji hii miwili likikua, madumu huanza kuvuka mpaka, upande huu au ule kutegemea kwacha imeamkaje.

Novemba kulikuwa na nini?

Septemba 21 Urusi ilizuia kuuza nje petroli na dizeli, ikalegeza Oktoba 6 kwa dizeli inayofika bandarini kwa bomba. Usitafute zuio hilo kwenye bei za Oktoba 2023. Bei za mwezi hubeba mizigo iliyonunuliwa wiki nyingi nyuma, na shehena za Oktoba zilikuwa zimeshapangiwa bei kabla Moscow haijasema neno.

Maana yake ilikuwa kwamba hata kama soko la dunia lingepoa wiki hiyo, unafuu huo usingeonekana Tunduma kesho yake. Kitu cha kuangalia kwenye tangazo lililofuata, Jumatano ya Novemba 1, kilikuwa ile gharama ya uagizaji wa dizeli zaidi ya bei ya Brent: kama ingeshuka kutoka huko ilikokuwa, dizeli ingeweza kurudi karibu na petroli hata kama pipa la mafuta ghafi lisingeshuka sana. Kufikia siku hiyo, wengi wa wanaolima kwa trekta Mbozi na Momba wangekuwa wameshanunua mafuta yao.