Cha Kale na Kitembee

Ziko njia mbili za kutunza chombo cha kale. Ya kwanza ni kukiweka mahali pakavu, kukizungushia kamba, na kukiandikia kibao chenye jina na mwaka wake, ili watu wapite wakitazame. Ya pili ni kukitia mafuta, kukiwasha au kukitweka tanga, na kuwapandisha watu kiende nao. Mimi nasema, bila kuuma maneno, kwamba kwa chombo cha safari njia ya kwanza ni mazishi ya heshima, na ya pili ndiyo hifadhi. Najua wako watakaonipinga, tena watu wa elimu. Nakuomba, msomaji, usikilize hoja zao na zangu, kisha uamue mwenyewe.

Jambo hili lilinijia katika Remba, kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Viktoria, ambako nafundisha. Nyumba za mabati zimebanana huko hadi ufukoni, na watu wa Kenya, Uganda na Tanzania huishi pamoja kwa ajili ya mbuta na omena. Hatuna magari, chombo chetu ni mashua. Siku moja mashua kuukuu, iliyopata kwenda kwa tanga, ilivutwa nchi kavu ikapasuliwa kuni. Mwanafunzi wangu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, upepo ukitoka kule kule tunakokwenda, mashua ya tanga ilifikaje?" Mimi niliyehitimu chuo cha ualimu sikuwa na jibu. Mzee mwenye mashua alikuwa amekwisha kufa, na mashua yenyewe, ambayo ingalitufundisha, ilikuwa inaungua mbele yetu. Nilisimama nikitazama, wala sikusema neno. Kosa hilo ni langu.

Baadaye nilisoma vitabuni kwamba kwenda hivyo huitwa kubisha: chombo huelekezwa upande huu, kisha upande huu, hata kikaushinda upepo. Maneno niliyaelewa. Walakini nipe tanga leo, nami nitakuzamisha. Maarifa ya namna hii hayakai katika kibao. Hukaa mikononi, nayo mikono hufa.

Sasa tazama Mombasa. Tangu miaka ya 1890 mji ule ulikuwa na reli nyembamba zilizopita katika njia zake, na juu yake vigari vyenye kiti na kivuli. Havikuvutwa na farasi wala na umeme, bali vilisukumwa na watu, mpaka motokaa zilipovishinda. Leo twaviona zaidi katika picha. Lakini picha haikuambii kigari kile kilikuwa kizito kiasi gani mlimani, wala kilizuiwaje mteremkoni. Waliojua hayo walikuwa ni wale wasukumaji, nao hawakuulizwa.

Nenda kisha Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo limo behewa ambalo simba aliingia usiku mmoja wa mwezi Juni 1900, pale Kima, akamuua Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli. Nakiri kwamba behewa lile halina haja ya kutembea. Habari yake ni ya usiku mmoja, na kusimama kwake kwatosha kukusisimua. Lakini karibu yake lipo garimoshi namba 5918, liitwalo Mount Gelai. Ni moja katika magarimoshi 34 yaliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, lenye uzito wa tani 250 na zaidi, ambayo yalipandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Habari ya chombo kama hicho si ya usiku mmoja. Habari yake ni kazi, na kazi haionekani katika chuma kilichosimama. Mvuke uliondoka katika njia zetu kuu mnamo 1980. Lakini mwaka 2001 garimoshi lile liliwashwa tena, likavuta mabehewa. Fikiri, msomaji: kama miaka mingine ishirini ingalipita, nani angalijua kulisikiliza boila na kutambua sauti ya afya na sauti ya hatari?

Wenzetu wa mbali walilitambua hili mapema. Mwaka 1939, katika jimbo la Maine, Marekani, vijana wachache walichanga fedha wakanunua tramu moja, yaani gari la abiria liendalo juu ya reli katika barabara za mji, lililokuwa karibu kutupwa. Gari hilo moja likazaa makumbusho makubwa. Kule Crich, Uingereza, watu waliojitolea walitandika reli katika machimbo ya mawe ya zamani, na toka mwaka 1964 tramu za umeme zikaendeshwa humo zikichukua wageni. Hawakuanza na utajiri. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapinzani wangu wana hoja tatu. Ya kwanza ni fedha: mkono mtupu haulambwi, nasi tuna shule zisizo na madawati. Hoja hii naiheshimu. Lakini kuacha kitu kioze nako ni hasara. Meli Robert Coryndon ya Ziwa Albert ilizama miaka ya 1960 pale Butiaba, ikaliwa na kutu miaka mingi, na mwisho ikakatwa vyuma chakavu. Ilinganishe na Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake mafuta mazito. Iliopolewa mwaka 1924, na toka 1927 ikachukua abiria na mizigo kwa miaka mingi kupita umri wa babu zetu. Hata waliokuwa wakiizamisha waliifikiria kesho yake. Je, sisi tulio katika amani?

Hoja ya pili husema kwamba vyombo hivi ni ukumbusho wa ukoloni, basi na vife. Mimi nasema kinyume. Kigari cha Mombasa kikiwekwa nyuma ya kamba, mtazamaji hujiona yeye ni bwana aliyeketi juu ya kiti. Kiwekeni juu ya reli, mwambieni mgeni akisukume hatua mia moja katika jua la adhuhuri, naye atajua ukoloni ulikuwa nini kuliko kwa kusoma vibao kumi.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi: chombo kikiendeshwa huchakaa, na kipande kilichovunjika hakirudi. Ni kweli. Lakini palipo kuchakaa pana kutengeneza, na palipo kutengeneza pana mwanagenzi anayejifunza kwa fundi. Mashua iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja bado ni mashua; iliyokaushwa chini ya paa hata ikapasuka maungio ni kuni zilizoandikwa jina.

Nanyi wanafunzi wa visiwa, msidhani maneno haya ni ya watu wa miji peke yao. Katika kisiwa cha Mfangano, jirani yetu, jamii ya Abasuba ina makumbusho yake ya amani, na michoro ya kale ya miambani ya Kwitone na Mawanga inatunzwa huko. Nasema tuongeze jambo moja: mashua moja ya tanga, itunzwe si bandani bali majini, na kila mwaka vijana wafundishwe kuitweka, kuigeuza, na kuirudisha salama.

Usingoje serikali. Mtafute mzee ajuaye tanga kabla hajaondoka. Mwamkie kwa adabu, umwombe akupeleke majini. Usiandike tu asemayo. Shika kamba mwenyewe. Siku mtoto mwingine atakapouliza swali lile nililoshindwa mimi, umwambie, "Panda, nikuonyeshe."